Banda la Kichochoroni

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Habari kutoka Igoji: mama mkwe anakuja Jumamosi. Mke wangu Ntinyari amefurahi kwamba ataonana na mama yake. Mimi, hapana. Krismasi nilijigamba kwao kwamba nafuga kuku, mama mkwe akinisikia toka jikoni. Sina hata unyoya. Yule mama hakunitaka tangu mwanzo; alimtaka mwalimu mmoja mwenye ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi. Akikuta uwanja mtupu, nitaitwa mwongo mpaka nizikwe.

Nafasi ipo. Kati ya ukuta wetu na ua wa jirani Kithinji kuna kichochoro. Chembamba, nakiri. Mimi hupita kwa ubavu. Lakini kuku si ng'ombe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimechora ramani kazini, bosi akidhani naandika ripoti. Banda refu la mbao na waya, mlango huku kwetu, viota kule mwisho. Ntinyari akauliza mayai yataokotwaje. Nikamwambia mtu atatambaa. Akashauri niweke kijimlango kule kwenye viota. Kule ni mbele ya nyumba ya Kithinji! Kithinji aliyetoa trei nzima ya mayai kwenye harambee ya kanisa na kusimama ili apigiwe makofi. Ahesabu mayai yangu? Kule napigilia mbao.

Ijumaa, 8 Agosti

Banda tayari. Kuku nimewanunua sokoni, wanaingia mmoja mmoja kama watu wa kupiga kura. Kithinji alichungulia akauliza kama hilo ni jeneza la nyoka. Wivu huo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandikeje.

Asubuhi Ntinyari alienda kununua nyama. Nikaona nimpokee mama mkwe na mayai kwenye bakuli. Nikatambaa ndani. Nikayapata, nikayatia kifuani ndani ya sweta. Kurudi nyuma, nikakwama. Misumari niliipigilia kutoka nje, ncha zote ziko ndani, tena zimeinama kuelekea viotani. Kuingia niliteleza tu. Kutoka, zikashika sweta, mshipi na suruali.

Ndipo nikasikia hodi. Amefika mapema.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hata mkono hawapeani. Njiani humpisha, macho chini. Na sasa alichokiona cha kwanza nyumbani kwangu ni makalio, suruali imechanika katikati. Nilimsikia akigeuka na kujifunika leso. Kunigusa hawezi. Kusema nami katika hali ile hawezi. Basi akasema na kuku. Aliwaomba kuku wamwulize mwenye boma kama ameumia. Nami nikamwomba jogoo ajibu kwamba mwenye boma anakagua viota. Akawaambia kuku kwamba pole, atamwita jirani.

Jirani! Nilimsihi jogoo amzuie. Tayari alikuwa amekwenda.

Kithinji alikuja na shoka, akabomoa mbao zangu za mwisho, akanivuta kwa mikono mbele ya wapangaji wa plot nzima. Mayai hakuyahesabu. Yalikuwa yananitiririka kifuani.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilijifunika blanketi nikisingizia malaria. Nimeaibika jamani. Ntinyari anasema mama hajacheka hata mara moja, na hilo ndilo linaloniumiza, angecheka ningepumua. Amerudi Igoji akiwa ameacha neno: mambo kama haya kati ya mtu na mama mkwe huoshwa kwa mbuzi. Nimpeleke Jumamosi achinjwe kwao, la sivyo nisikanyage pale. Nilipobaki peke yangu nililia. Ningesema tu Krismasi kwamba sina kuku.

Jumanne, 12 Agosti

Beberu amepatikana, mnene, mweupe. Ntinyari anasema tumfunge kwa Kithinji mpaka Jumamosi, kuna nyasi, na Kithinji mwenyewe amekubali. Mbuzi wa kuosha aibu yangu alale kwa Kithinji? Ng'o. Kuku nimewahamishia jikoni. Mbao za mwisho nimezirudisha, na misumari mirefu zaidi.

Beberu ameingia vizuri, akitangulia kichwa. Kugeuka hawezi, lakini ageukie nini? Ila mdomo wake uko kule mwisho na nyasi ziko huku mlangoni, kwa hiyo nitampelekea mwenyewe. Nitapita chini ya tumbo lake. Nimeshapima.