Mlango wa Kliniki ya Malengelenge

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe; waheshimiwa madiwani wa kata zilizofika na zilizotuma udhuru; watendaji, wazee wa mila kutoka Kakesio, masheikh, wachungaji, na stekiholda wote wa Karatu na Ngorongoro: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Leo, kupitia Mkakati Jumuishi wa Utambuzi wa Malengelenge ya Kinywa na Ngozi, ambao niliubuni mimi katika wekshopu ya siku tisa, tunasema basi! Basi kwa kila kidonda cha mdomoni kuitwa fangasi, basi kwa kila lengelenge kuitwa kurogwa! Nesi Angela alinieleza, nami nikaelewa kabla hajamaliza, kwamba vidonda vya kinywa visivyopona miezi na miezi, kisha malengelenge yakatokea kifuani, si vya kubahatisha. Hukatwa kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa maabara, ugonjwa ukajulikana jina. (Makofi; mbuzi analia.) Na tangu kliniki hii ianze, wagonjwa waliopewa majibu yasiyo sahihi ni asilimia sifuri. Sifuri! (Vigelegele.)

Shahidi ni Mama Marsela hapa, mkulima wa Kansay. Miezi minane hamezi hata uji bila machozi, amepewa dawa ya fangasi mara nne, na wiki hii kifua kimeanza kuchubuka. Mama, fungua kinywa, wapiga picha wakuone. Fungua zaidi.

(Dada yake, Eunike: "Mheshimiwa, si mfungue huo mlango apimwe! Tumetoka nyumbani alfajiri, na mwenzenu hata kuongea hawezi!")

Nimekusikia, dada, hoja yako imepokelewa na itaundiwa kamati. Kwa sasa utazameni mlango wenyewe: mninga mtupu, kitasa cha kisasa, utepe, na kibao chenye jina langu! (Makofi machache.) Kinywa salama! Ngozi salama! (Mtu mmoja: "Salama.")

Nahitimisha kwa shukrani. Asante fundi Vedasto, uliyeuegemeza wima kwenye ukuta huu wa ghala la mahindi bila kutoboa hata tundu moja. Asante ndugu yangu Haruna wa duka la vifaa vya ujenzi, uliyetuazima mlango huu. Saa kumi utaupata, mteja wako asihangaike. Na wewe Mama Marsela, nakushukuru sana kwa kuja. Ila acha kugonga, mama. Nyuma yake hakuna chumba.