Hakimiliki ya Ulimi wa Asali

Asali hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho, na jambo hilo alijivunia kuliko wengine wanavyojivunia vyeti. Jina walimpa watu kwa sababu ya ulimi wake. Aliwahi kumuuzia mtu kivuli cha jengo, kwa maelezo kwamba jengo lenyewe litafuata, na yule mtu akamshukuru.

Jumanne asubuhi aliingia katika ukumbi wa gemu wa Bwana Dakika kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mle ndani kulikuwa na feni. Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu chenye kompyuta kumi na mbili na viti visivyofanana. Bwana Dakika hukaa mlangoni na saa mkononi na nyingine ukutani, maana hutoza wateja kwa dakika na haamini saa moja peke yake. Siku hiyo kompyuta zote zilikuwa na mchezo mmoja, ule wa zamani wa vita vya angani, ambao kila mtu ana ufalme wake wa nyota, anachimba madini, anaunda vyombo vya vita, na anafunga mikataba na majirani ili apate cha kuvunja.

Asali akauliza kulikoni wote wamekazania kitu kimoja. Bwana Dakika akashusha pumzi, akamweleza kwamba hawaifuati gemu yenyewe. Wanafuata Sayari Mia, modi ya shabiki mmoja wa hapa hapa mjini, yaani nyongeza unayoipachika juu ya gemu ikakuletea sayari mpya na vita vipya. Huyo shabiki anaigawa bure kwa yeyote anayeitaka. Hapo ndipo palipomuuma Bwana Dakika, kwa sababu kumbi nyingine nne mjini nazo zilikuwa zimeipata bure.

"Ingekuwa yangu peke yangu," alisema, "hizo kumbi nyingine ningezifunga kwa barua moja."

Msomaji mwema, wewe ungemwonea huruma. Asali alimwona ni riziki. Akasogeza kiti, akashusha sauti, akamwambia kwamba aliyeitengeneza Sayari Mia ni yeye, ila hujificha kwa kuogopa sifa. Hati za hakimiliki ziko mahali, zinahitaji gharama ndogo ya kuzitoa, na kesho atazileta ili wauziane kihalali. Bwana Dakika, mtu ambaye hukata dakika za mteja hata akienda chooni, akatoa kishika uchumba bila risiti.

Kabla ya kutoka, mtengenezaji wetu alimwinamia mteja mmoja na kumuuliza kwa adabu kama anajua Sayari Mia inatengenezwa na nani na anakaa wapi. Kisha akanakili kwenye karatasi nembo ya kampuni ya gemu, kama alivyoiona kwenye skrini mchezo ulipokuwa unafunguka.

Mtengenezaji wa kweli alikuwa fundi cherehani. Watu humwita Bi Vifungo. Duka lake liko kwenye kona, limejaa sare za shule na suruali za kupunguzwa, na nyuma ya pazia pana kompyuta ambayo kwayo ameijenga Sayari Mia kwa miaka sita, kati ya pindo na pindo. Sayari ya kwanza haikuwa kazi yake. Ilichorwa na mdogo wake wa kiume katika mwaka aliougua, na ina mto unaopanda mlima badala ya kushuka. Wachezaji wamemwandikia mara nyingi wakimtaka aurekebishe. Hataki. Marehemu alikuwa na utani wa namna hiyo, na ukiacha ule mto hakuna mahali pengine ambapo dada yake bado anausikia. Angeambiwa achague kati ya sayari ile na duka zima, duka lingekwenda.

Jumatano Asali alitokea dukani kwa Bi Vifungo amevaa tai, na barua yenye muhuri mkubwa wa rangi ya damu ya mzee. Akajitambulisha kuwa ni wakala wa kampuni yenye gemu. Kwa huzuni ya mtu anayetimiza wajibu, akamweleza kwamba chochote kinachopachikwa juu ya mali ya kampuni ni mali ya kampuni, na kwamba miaka sita ya wizi ni mingi. Njia zipo mbili, mahakamani, au atie saini hapa akabidhi sayari zote na afute zilizo kwake.

"Zote?" Bi Vifungo aliuliza.

"Mpaka ya mwisho."

"Hata ile ya mto?"

Asali hakujua mto wala kijito. "Hasa ile ya mto, mama."

Kwa muda Bi Vifungo aliiona kazi ya mdogo wake ikiondoka dukani ndani ya mkoba wa mtu asiyemjua, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma, akaisoma barua.

Hapa ndipo Asali alipopotea njia. Alidhani shabiki ni mtu wa kucheza tu. Hakuna mtu anayeiogopa hakimiliki na kuisoma kama mtengenezaji wa modi. Yale masharti marefu ambayo wewe na mimi tunayakubali bila kuyatazama, Bi Vifungo anayajua kwa moyo: tengeneza, gawa, usiuze. Tena alijua, kama wanavyojua mashabiki wachache wanaofuatilia mambo ya haki, kwamba kampuni hiyo ilifilisika miaka tisa iliyopita, ofisi zikafungwa, na haki zake hazijulikani zimerithiwa na nani. Hao wameandika barua hadi wamechoka wakimtafuta mwenyewe. Na barua iliyokuwa mbele yake ilitiwa saini na mkurugenzi wa kampuni hiyo Ijumaa iliyopita.

Bi Vifungo akafuta machozi. Hasira ilimjia polepole na ikakaa vizuri.

Akasema kwa unyonge kwamba yeye angesaini hata sasa, ila sauti ya Kaisari wa Nyota ndani ya Sayari Mia si yake, ni ya mtu mwingine mwenye haki yake, na bila huyo saini moja haitoshi. Asali, ambaye sheria aliianza jana, akaafiki kwa kichwa kizito. Bi Vifungo akapiga simu. "Kaisari, suruali yako iko tayari. Halafu kuna mgeni hapa, anasema katoka kampuni."

Asali akajiegemeza kitini, akaomba maji ya kunywa. Alikuwa bado na glasi mkononi Kaisari alipoingia, akiwa amevaa sare za polisi na cheo cha sajini. Asali aliinuka, akakaa tena.

Lakini Sajini hakuja kukamata mtu. Alikuwa na furaha ya bwana harusi. Ameicheza gemu hiyo miaka kumi na moja, na leo kampuni imemfuata. Akamshika Asali mkono hakuuachia, akatoa daftari lake la kazi na kulifungua kwa nyuma, ambako alikuwa ameandika malalamiko thelathini na saba. Akataka kujua kwanza kwa nini wachimba madini hukataa kulipa kodi baada ya vita vya tatu. Asali akajibu kwamba suala hilo liko kwenye kamati. La pili nalo likaenda kwenye kamati. Walipofika la saba, tai ilikuwa imelowa.

Wakati huo huo akaingia Bwana Dakika. Yule mteja alikuwa amemdokezea kwamba mtengenezaji ni fundi cherehani, naye akaja kinyemela ili anunue kwa bei ya chini bila kumshirikisha Asali. Kumkuta Asali pale kulimchanganya, kisha kukamtuliza.

"Kumbe kweli ni wewe," alisema. "Afande, huyu ndiye aliyetengeneza Sayari Mia. Ananiuzia mimi."

Sajini akafunga daftari, akaligeuza, akalifungua kwa mbele, upande wa ajali na wizi. "Ngoja nielewe. Wewe ndiye kampuni inayodai, au ndiye mtengenezaji anayedaiwa?"

Asali akafikiri haraka. "Vyote viwili, afande. Ndiyo maana kesi ni ngumu."

Bi Vifungo akacheka hata pini zikamtoka mdomoni. Akawaeleza wote kuhusu kampuni na mwaka iliokufa. Mtu mwingine angekiri. Ulimi wa Asali ukaendelea wenyewe: kampuni imekufa mwili tu, hisa zake bado zinapumua, zimeshikwa na mpwa wa mkurugenzi, kijana mnyonge asiye na wa kumtetea. Alisema hivyo kwa uchungu kiasi kwamba Bwana Dakika akaanza tena kuitikia kwa kichwa, na Sajini akauliza huyo mpwa ana umri gani.

Bi Vifungo alikuwa anasikiliza kila neno. "Sajini," akasema, "si ndiye balozi wetu huyu?"

Kwa miaka miwili Sayari Mia ilikuwa imekosa kitu kimoja, balozi wa kabila la wafanyabiashara wa angani, walaghai wanaokuja kwenye ufalme wako na maneno matamu na kuondoka na madini yako. Walikuwa wamewajaribu mwalimu na mfamasia kwenye maikrofoni. Wote walidanganya kama watu waliolazimishwa.

Sajini akasema mlalamikaji ni dada huyu, Bi Vifungo. Akilalamika, ataandika. Asipolalamika, yeye alifuata suruali. Bi Vifungo akatoa masharti. Asali amrudishie Bwana Dakika chake sasa hivi, kisha akae nyuma ya pazia aongee kwenye maikrofoni mpaka aambiwe basi. Asali akavua kiatu, akatoa kishika uchumba. Bi Vifungo akamuuliza Bwana Dakika ilikuwaje akataka kununua kitu alichopewa bure, naye akajibu kwamba hapo hasa ndipo palipokuwa pakimuuma.

Asali aliongea siku tatu. Alimwaga utapeli wake wote: shamba la urithi, mzigo uliokwama forodhani, zabuni ya siri, mjane tajiri. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumwambia "hebu rudia, hiyo ilikuwa nzuri," na ukweli ni kwamba alifurahi mno. Mwishoni Bi Vifungo akamwekea karatasi yenye mistari mingi midogo. Asali akatia saini bila kuisoma, akaondoka akiimba. Bi Vifungo alifungua sayari ya mdogo wake, akakaa anaitazama mpaka chai ikapoa.

Miezi miwili baadaye Asali aliingia duka la vifaa vya ujenzi na kumkuta mwenye duka, mnene, mpole, peke yake. Akamsogelea. "Mzee wangu, mimi si mtu wa maneno mengi..."

"'...ila roho inakataa bahati hii impite mtu mwema,'" mzee alimalizia huku akipima misumari. "Sasa ndio unaleta habari za mjane."

"Usimpe madini, baba watoto," mkewe alisema kutoka stoo. "Mimi juzi kanimaliza sayari nne."

Kwa kinyozi ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye duka la dawa walimwomba aseme ile ya mzigo, wakamwita na jirani aje asikie. Mji mzima ulikuwa unamjua kwa sauti, na kila neno lililowahi kumpa mkate lilikuwa limesambazwa bure pamoja na Sayari Mia.

Akakimbilia kona kwa Bi Vifungo, ana hasira za kweli, akisema ameibiwa, maneno yale ni yake, ameyatunga miaka ishirini, na hakimiliki ni ya mtunzi. Bi Vifungo akatoa karatasi yenye saini yake, akamsomea polepole masharti yale yale ya modi, mstari kwa mstari, kama ambavyo yeye alipaswa kuyasoma siku ile.

"Kwa hiyo nisiyaseme tena maneno yangu mwenyewe?"

"Yaseme tu, kaka. Una ruhusa kama mtu mwingine yeyote," Bi Vifungo akamwambia, na kurudi kwenye cherehani yake. "Ila hairuhusiwi kuyauza."