Namba Tatu, kwa Mfano Tu

Idara ya Uratibu wa Mapenzi ya Wananchi ilitangaza rasmi kwamba mshindi wa shindano la kuimba la televisheni angechaguliwa na wananchi wenyewe, kwa simu zao wenyewe, chini ya uangalizi. Mkurugenzi Kificho alilisoma tangazo hilo mwenyewe. Maneno matatu ya mwisho aliyarudia, kwa kuwa ndiyo aliyoyatunga.

Walikuwa wamebaki wawili. Namba moja ni Muzdalifa, mkulima wa mwani wa Makunduchi. Akiimba, watu Forodhani huacha bakuli la urojo likapoa. Namba mbili ni Hafiz, mpwa wa Waziri, aliyeimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Nataka kura huru," Waziri alimwambia Kificho. "Na Hafiz ashinde."

"Naam, Mheshimiwa. Yote mawili yamo ndani ya uwezo wetu."

Kificho akaweka utaratibu wa haki. Aliyetuma moja alijibiwa: "Ahsante. Umehamasika mno. Tulia, kisha ujaribu tena." Aliyetuma mbili alipongezwa kwa busara, na kura yake ikahesabiwa. Mji mzima ukawa unatulia na kujaribu tena.

Siku ya fainali, Kificho alipanda jukwaani Ngome Kongwe kuwaelekeza watazamaji. Asije akaonekana ana upendeleo, akatafuta mfano usio na upande.

"Tuseme mimi ni namba tatu. Unaandika tatu, unatuma. Basi!"

"Kwani Mkurugenzi na wewe unaimba?" akamchokoza Badria, mtangazaji.

"Kwa mfano tu." Na kwa kuwa watu walishaanza kucheka, akaimba ubeti mmoja. Sauti ikapanda, ikateleza, ikakwama. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kificho alikuwa hajapata kushangiliwa hivyo tangu azaliwe. Akaongeza wa pili.

Kuanzia Darajani hadi Chwaka, watu waliochoka kutulizwa wakaandika tatu. Mitambo haikuwa na agizo lolote juu ya tatu. Ikahesabu zote.

Waziri akapiga simu. "Kificho, umegombea?"

"Kwa mfano tu, Mheshimiwa."

"Umeshinda! Kataa upesi. Sema kura zimeharibika."

"Nikisema hivyo, wataniuliza na za Hafiz."

Kisha Waziri akaja kumvisha mshindi shada, akitabasamu mbele ya kamera mpaka mashavu yakamtetemeka.

Sasa mshindi alitakiwa kwenda kuwakilisha visiwa nchi za nje. Walimu wa muziki mjini wakapata udhuru, kila mmoja na wake. Muzdalifa peke yake ndiye aliyekubali kumfundisha, kwa sharti somo lifanyike shambani kwake, baharini.

Waziri alipokwenda kukagua maendeleo, alimkuta Kificho kakunja suruali, maji magotini, furushi la mwani kichwani, anaimba. Wapigapicha walikuwa wameshafika. Waziri akavua viatu.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Muzdalifa, akimtwika furushi lake. "Mkurugenzi ataanza. Wewe mwitikie."