Mpishi Niliyemnyang'anya Maman Béthanie

Jumatatu, 9 Juni

Leo watu wanne tu. Wawili kati yao walitaka choo. Na hii ni Kalunga Deux, tawi la pili la mgahawa wangu, hapa mbele ya gare ya treni kabisa! Kalunga Un ya sokoni inakwenda, sina neno. Lakini mwenye resto moja ana kibanda. Mwenye mbili ana chaîne, mnyororo wa migahawa. Nilisikia hayo redioni na sirudi nyuma.

Ng'ambo ya barabara, kwa Maman Béthanie, watu wanasukumana mlangoni. Mmethodisti, hauzi hata chupa moja ya bia, na watu wanasukumana! Kuna jambo. Asubuhi alinisalimia huku anacheka. Nikamjibu, lakini kwa hadhari. Mtu hakuchekei bure.

Gisèle, mke wangu, amerudia maneno yake. Viti vya hapa ni vyake. Zamani alikuwa akivikodisha kwenye matanga. Jumapili vikiwa bado vitupu anavichukua, na Kalunga Deux inafungwa. Nikamwambia chaîne haifungwi, inajipanga upya. Akaniuliza nani kanifundisha kusema hivyo. Siku hizi na yeye maswali yamekuwa mengi.

Jumanne, 10 Juni

Nimegundua! Nilipita nyuma kwa Béthanie nikijifanya natafuta mbuzi wangu. Sina mbuzi. Nikachungulia kwenye tundu la uzio wa mabati, na nani yuko huko kwenye moshi? Mama Mbayo wa Kabongo, yule ambaye sombe yake, kisamvu kile, inafanya watu walambe sahani! Kwa nini umfiche mpishi kama huyo nyuma ya mabati, kama mali ya wizi? Kwa sababu unaogopa Kalunga atamwona. Basi Kalunga amemwona.

Nilimvizia njiani akirudi nyumbani. Nikamwahidi mshahara mnono na aproni mpya. Akauliza jiko langu liko upande gani. Nikasema mbele kabisa, kwenye dirisha kubwa, mji wote umwone. Akatazama chini. Akasema kule nyuma alikuwa anakaa vizuri tu. Unyenyekevu! Nikaongeza kikwembe cha waksi, kitenge cha bei. Akakubali.

Jumatano, 11 Juni

Béthanie amemwachia bila hata neno moja baya. Tena alimbebea mwiko na sufuria mpaka mlangoni kwangu, akanitakia baraka. Sufuria niliikagua ndani na nje. Haina kitu. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Nikamsimamisha Mama Mbayo dirishani, aproni nyeupe, kilemba chekundu. Harufu ya sombe ikafika mpaka kwenye reli. Saa sita vijana wa taxi-moto wakaja na pikipiki zao za abiria, kundi zima, wanacheka, wanapiga matumbo yao. Wa kwanza akafika mlangoni, akatazama dirishani, akafunika uso na kofia, akatoka mbio! Wa pili vilevile. Wa tatu aliruka mfereji. Mmoja aliacha pikipiki inanguruma peke yake. Na Mama Mbayo naye aliinama nyuma ya sufuria, hakuinua kichwa mpaka walipokwisha kuondoka.

Béthanie amewalipa. Hakuna maelezo mengine. Au amewaambia natia dawa kwenye chakula. Au yote mawili.

Alhamisi, 12 Juni

Nilipanda juu ya kiti nje ya mlango, nikala bonge zima la bukari, ugali wa jikoni kwangu, mbele ya watu wote, waone sifi. Hakuna aliyekuja. Wakaniuliza kama niko mzima.

Nikachoka. Nikamkamata Chrispin, mkubwa wa parking ya taxi-moto, nikashika usukani wa pikipiki yake, nikamwambia haendi popote mpaka aseme Béthanie amewapa kiasi gani. Alitazama kushoto na kulia kwanza.

"Papa Kalunga, ule njo mama mukwe wetu," akasema. "Muntu atakula namna gani mbele ya mama mukwe?"

Yesu Maria! Mama Mbayo ana mabinti sita na wote wameolewa hapo parking. Na ndugu wa mume naye ni mkwe, na rafiki aliyesindikiza mahari naye anajihesabu. Parking nzima ni wakwe zake! Mimi mwenyewe ni Muluba, mbele ya mama yake Gisèle hata maji siyamezi. Lakini ningejuaje, kama Béthanie alikuwa amemficha?

Gisèle akasema ni jambo dogo, nitundike pazia dirishani. Pazia! Hayo si ndiyo mabati ya Béthanie, ila ya kitambaa? Kwa nini mke wangu anataka nifuate mbinu za adui? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia nina mpango mkubwa kuliko pazia.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango: mama mkwe wa parking nzima si mpishi, ni silaha. Nimemtuma Mama Mbayo kwa Béthanie, kama mteja. Nikamlipia sahani. Kazi yake ni kukaa tu, meza ya mbele, anatazama mlango.

Saa sita vijana wakafika kwa Béthanie, wakamwona, wakatawanyika. Nilicheza peke yangu katikati ya meza zangu! Kisha Béthanie akatoka, akamshika Mama Mbayo mkono taratibu, akampeleka nyuma ya mabati. Punde moshi ukapanda. Vijana wakarudi mmoja mmoja, wakaingia.

Mama Mbayo hakurudi kwangu. Amemtuma Chrispin na aproni. Kikwembe hakukirudisha.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Gisèle alileta mkokoteni. Hakupiga kelele, alipanga viti tu. Niliuliza kwa uchungu ni matanga ya nani. Akasema si matanga. Amevikodisha kwa Maman Béthanie, mwezi mzima, kwa sababu kule watu wengine wanakula wamesimama.

Nikakaa chini sakafuni. Kweli nililia kidogo. Nyumba tupu, jiko baridi, na mke wangu ndani ya kambi ya adui.

Jioni nilivuka barabara kuchungulia. Kumejaa. Chrispin yuko pale, na ndugu zake wote, na makarani wa mjini, na mwalimu Kapenda anayejidai hali nje ya nyumba yake. Wote wameegemea viti. Na mgongoni mwa kila kiti, kwa rangi nyekundu, maandishi ya mkono wangu mwenyewe: KALUNGA DEUX.

Béthanie, pamoja na ujanja wake wote, hakusoma migongo ya viti! Kumbe watu wote hawa wamekaa kwangu. Hilo ni tawi langu la tatu, na limejaa kuliko yote.

Kesho asubuhi naenda kumwambia afagie vizuri chini ya meza. Sitaki aiaibishe chaîne yangu.