Jumapili Aliyonyamaza Halvor Brekke

Sogeeni, enyi watu wa nyasi ndefu na baridi kali! Kung'uteni theluji viatuni, mwenye robota la majani alikalie, asiye na robota ageuze ndoo, kisha tegeni masikio yenu yaliyogandishwa na upepo. Nasimulia vita vilivyopiganwa katika bonde letu la Larkin, jimbo la Montana, mwezi wa Februari, tangu saa nane mchana hata saa kumi alasiri. Hapo hapakulia risasi wala hapakurushwa ngumi. Mtu mmoja tu, naye amevaa soksi, alisimama peke yake kuyazuia majeshi yaliyotaka kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Mtu huyo ni Halvor Brekke, mwana wa Torvald, Mlainisha-Farasi, mwenye miaka sabini na miwili na miguu iliyopinda kama upinde kwa kukaa juu ya tandiko tangu meno ya utoto. Ndiye aliyemtuliza yule farasi mweusi aliyevunja mbavu za wanaume wanne, hata akala sukari kiganjani mwake kama kasisi apokeaye sadaka. Dubu alikutana naye mara moja njiani. Dubu ndiye aliyepisha. Lakini hapana shujaa asiye na mahali palipo laini, na pa Halvor palikuwa ulimi: hakuweza kutazama filamu yenye farasi ndani yake akanyamaza.

Na mkewe Lavonne, mwenye subira kuliko mlima, hakupenda kitu chini ya mbingu kama zile filamu za mapenzi za Jumapili mchana. Mnazijua. Binti wa mjini anarithi ranchi ya shangazi yake, anafika na viatu visivyofaa, anamkuta mfuga farasi mwenye huzuni nyingi na meno mazuri, na kabla ya theluji kuanguka wameshapendana; filamu safi, ambayo mchungaji angeitazama na mama mkwe wake pasipo mmoja kumwonea haya mwenzake.

Miaka arobaini na mmoja walizitazama pamoja, na miaka arobaini na mmoja Halvor alikaa kitini kama hakimu wa dunia. "Ona hiyo hatamu! Anamwongoza farasi au anakamua ng'ombe?" Kila wapendanao walipofikia kuambiana la moyoni, sauti ya Halvor iliwafunika kama gharika, ikieleza habari za kwato. Lavonne hakupata kusikia maneno ya mwisho ya filamu hata moja.

Basi Jumapili moja katikati ya Novemba alivaa koti, akafunika pai yake ya tufaha kwa kitambaa, akaendesha gari maili nne hadi kwa jirani yake mjane, Dolores Pruitt, akatazama huko. Jumapili iliyofuata akaenda tena. Zikawa Jumapili kumi na mbili. Halvor alikula mkate na jibini wima, mbele ya beseni la jikoni, na nyumba ikamkulia pande zote. Saa ya ukutani ilisikika mpaka bandani. Alimwambia mbwa makosa ya walimwengu wote, mbwa akasikiliza wiki mbili, kisha akahamia chumba cha kufulia.

Hata Jumapili ya kumi na tatu, Lavonne akiwa ameshatia mkono mmoja kwenye koti, Halvor alisimama mlangoni, akaujaza.

"Lavonne binti wa Amundson!" akanena, na vikombe vikatetemeka kabatini. "Mke wa ujana wangu na wa uzee wangu, vua koti! Nimekosa, na kosa langu lina umri wa miaka arobaini na mmoja. Leo utatazama filamu yako hapa, katika kiti chako, nami nitaketi kando yako. Na hata wakimtia farasi lijamu mkiani, neno halitanitoka!"

Lavonne hakulivua. Mkono ulikuwa bado ndani ya koti.

"Halvor, wewe hukunyamaza hata siku ya harusi yetu. Mchungaji amefungua kitabu, wewe unamwambia gari lake kaliegesha vibaya."

"Lilikuwa limeziba lango la ng'ombe!"

"Unaona sasa?"

Halvor akafumba kinywa. Lavonne akavua mkono ule mmoja, polepole.

"Haya. Lakini masharti ni yangu. Hakuna kuguna. Hakuna kucheka kwa pua. Hakuna kusonya. Hakuna kutoka eti unaangalia ng'ombe. Na usimwambie mbwa."

"Hata mbwa?"

"Hasa mbwa."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, Dolores ameniwekea kiti karibu na jiko, na mto wangu juu yake. Nitakwenda, mzee wangu, na utakuwa umeniaga kabisa kwa mambo ya Jumapili. Sina hasira. Nimechoka tu."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Halvor kuliko kwato zote zilizowahi kumpiga. Akaketi. Akachukua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia na kipande cha pai kwa wa kushoto, kama mtu ashikaye mkuki na ngao. Na runinga ikawaka.

Adui hakuchelewa. Marissa, binti wa mjini, alitokea akiwa na koti jeupe, akamwendea farasi, akampanda kwa upande wa kulia. Upande wa kulia, enyi watu, ilhali farasi hupandwa kwa kushoto! Shingo ya Halvor ikawa nyekundu tangu kola hadi masikio. Akajaza kinywa pai. Halafu kamera ikashuka, ikaonyesha mkanda wa tumbo la farasi, ule ushikao tandiko, ukining'inia kiasi cha kupitisha paka, na juu ya tandiko hilo binti akatoka mbio kama upepo, asianguke! Halvor akatia kinywani kipande cha pili juu ya kile cha kwanza. Lavonne, macho yakiwa kwenye runinga, akamsogezea sahani.

Lakini hao walikuwa askari wa mbele tu. Yule farasi alitoka bandani ana soksi nyeupe, yaani manyoya meupe juu ya ukwato, mguu wa mbele wa kushoto. Akavuka kilima. Akafika mtoni hana soksi. Alikuwa farasi mwingine kabisa! Tena alilia kwa kishindo ilhali mdomo wake umefumbwa kabisa. Hapo ndipo vita vilipokaza. Neno "soksi" lilipanda kutoka tumboni mwa Halvor kama maji ya moto kwenye birika, likafika kooni, likabisha hodi kwenye meno. Alishika mkono wa kiti hata mbao ikalalamika. Mbwa alichungulia kutoka chumba cha kufulia, akainua masikio, kwa maana aliujua uso ule. Na Halvor, Mungu ni shahidi, akageuza macho asimtazame.

Akameza. Neno likarudi chini, likimkwaruza njia nzima.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Kwa kuwa kinywa kilikuwa kimya, masikio yalianza kufanya kazi. Yule Dalton, mfuga farasi mwenye meno, alikuwa ameketi barazani na Marissa, akamwambia kwamba tangu mama yake afariki amekuwa akipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, na kula cha wote wawili akiwa amesimama. Halvor aliacha kutafuna. Hatamu zilikuwa zimefungwa kwenye ubao mbovu nyuma yao, fundo la mtoto mchanga, naye hakuliona.

"Amwambie kwamba anampenda," alijisemea moyoni. "Amwambie sasa hivi, mjinga yule."

Ikafika saa kumi kasoro dakika tano. Marissa ameshafunga mizigo, gari linanguruma, na bandani farasi jike anazaa. Wapendanao wakakutana juu ya majani makavu, mtoto wa farasi akasimama kati yao, mkavu, mnene, manyoya yanang'aa, akaruka mara mbili. Dalton akamshika Marissa mkono, akafungua kinywa.

"Mtoto wa saa moja huyo?" Sauti ilitikisa sebule. "Huyo ana wiki tatu! Tazama miguu! Mtoto wa saa moja anasimama kama meza mbovu, na huyu anacheza dansi! Na mama yake hata tumbo hana! Wanatuona sisi wapumbavu?"

Halvor hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa Lavonne, amesimama, mkono kiunoni, kidole kimeelekea runinga.

Na Halvor, akiwa na haki ya miaka yote mkononi, akainua kidole chake kimoja, akasema kwa upole:

"Shhh. Tunatazama."

Lavonne aligeuka. Walitazamana. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata akalazimika kukaa, akafuta macho kwa aproni. Na alipoinua kichwa majina ya waigizaji yalikuwa yameshaanza kupanda na muziki unalia.

"Yamekwisha! Halvor, kasema nini? Nimekosa maneno!"

Hapo jasho likamtoka shujaa, maana kunyamaza kumbe kulikuwa nusu tu ya kazi. Akatazama soksi zake. Akakohoa.

"Kasema..." Masikio yake yaliwaka. "Kasema, 'Usiende. Nyumba hii haina maana bila wewe.'"

Lavonne aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikia vizuri. Sema tena."

"Umesikia, bibi wewe."

"Muziki ulikuwa juu. Sema."

Akasema tena, kwa sauti nzima, akimtazama usoni, na safari hii hakuanza na "kasema".

Simu ililia jikoni. Alikuwa Dolores, akiuliza kama barabara imefungwa na theluji. "Barabara nzuri, shoga," Lavonne akajibu. "Ila leo nina mgeni."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Dolores aliyapata yote siku ya pili, na kufikia Jumatano hapakuwa na zizi wala meza ya kahawa katika Larkin ambapo hayakusimuliwa, na wanaume walivua kofia. Kwa maana wako waliopanda milima ya nchi hii, na wako waliostahimili baridi iliyoua nusu ya ng'ombe wao; lakini aliyetazama tandiko lililolegea likienda mbio, mbele ya macho yake, naye akala pai, ni Halvor Brekke peke yake. Waambieni watoto wenu, na siku yenyewe muwatajie.