Jamaludin wa Nyumba Kati

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo ndio mwanzo wa neema yangu. Shangazi Mahfudha amekubali nyumba yake itiwe mitambo. Niliyemshawishi ni mimi, si Bakr.

Habari yenyewe ni hii. Shangazi amebaki peke yake katika nyumba ya mawe ya babu, na macho yake yameingia ukungu. Binti yake Hayat, anayeishi Mombasa, anatafuta mtu wa familia wa kushika funguo: aishi ghorofa ya juu, amwangalie mama, aiendeshe nyumba. Tuko wawili tu. Mimi, na Bakr mtoto wa ami yangu, mchonga milango. Ghorofa hiyo nimeshaigawa vyumba vya watalii kichwani mwangu. Kila chumba kina jina.

Hayat amewaleta vijana wawili wa kompyuta kutoka Nairobi, Owen na Chris. Wamebandika vidubwana vyeupe kila chumba. Vinahisi joto, mwendo, maji, moshi wa udi. Milango ya ndani imetiwa kufuli za umeme. Kila mtu wa familia amepewa beji ya duara, ndogo kama kifungo cha koti, aivae ili Nyumba imjue. Kisha Nyumba inajifunza yenyewe: nani yuko wapi, ni wakati wa nini, yeye atumikiwe vipi. Mtu akilala, taa inafifia. Akiingia mwenye beji, feni inawaka na sauti inamkaribisha. Hayat anayaona yote kwenye simu yake. Zaidi ya yote, anaona ni nani anayekaa na mamake.

Owen aliuliza aweke wapi kisanduku kikubwa chenye akili ya mambo yote. Nikamwonyesha nyumba kati. Ni chumba cha ndani kabisa, hakina dirisha, kina baridi, na hakuna anayeingia. Akauliza ni cha kazi gani. Nikasema stoo. Sikuona haja ya kumweleza mtu wa Nairobi kwamba humo ndimo tunamooshea maiti wetu. Lakini Nyumba ilipomuuliza Shangazi desturi ya kila chumba, Shangazi aliijibu ukweli. Alisema anayelala humo haamki tena. Nyumba ikasema imeelewa.

Jumanne, 9 Septemba

Kukaa na Shangazi ni kazi ngumu. Anasimulia harusi yake, anafika katikati, anaanza upya. Nimestahimili kikombe kimoja cha chai.

Kisha akili ikanijia! Paka wake, Kashata, haondoki miguuni pake. Nimemfunga beji yangu shingoni, chini ya manyoya. Kuanzia leo Jamaludin anashinda na shangazi yake kutwa. Mimi niko mtaa wa Wiyoni kwa Abdulhalim, mchoraji mabango, tunachagua rangi ya bango la nyumba ya wageni.

Bakr beji yake ameitundika msumarini karakanani. Amesema yeye si mbuzi wa kutiwa alama. Huja kila Alasiri na mkate wa mofa kwapani, humsomea Shangazi Yasini, huenda zake. Kwa hesabu ya Nyumba, Bakr hajawahi kufika. Sikumshauri lolote.

Alhamisi, 11 Septemba

Hayat amepiga simu, analia. Amesema hakujua kwamba nina moyo wa namna hii. Mchana kutwa miguuni pa mamake, hata wakati amelala! Kuhusu Bakr amesema amekata tamaa naye. Nikamwombea Bakr msamaha, kwamba pengine ana shughuli. Nilijiona mtu mwema sana.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala niliingia kwa Shangazi, watu wanione nikiingia. Nilipofika ukumbini taa haikuwaka. Feni haikugeuka. Hakuna sauti ya kunikaribisha. Ni haki yake, sina beji.

Shangazi alikuwa chumbani kwake anazungumza polepole na kiti kitupu, kile kiti cha enzi cha babu. Feni imeelekea kitini. Taa ndogo inawaka juu yake. Nikamtafuta Kashata chini ya kiti, hayupo. Nyuma ya kiti, hayupo.

Nikataka kuketi. Shangazi akainua mkono. Akaniambia nitafute pengine, hapo ameketi Jamaludin. Nikamwambia Jamaludin ni mimi. Akacheka kwa adabu, kicheko cha kumstahi mgeni asiye na mzaha mzuri. Akasema Jamaludin hana maneno mengi, husikiliza tu, na ile harusi ameisikiliza hadi mwisho.

Macho yake yamezidi. Nimeweka nia ya kumpeleka hospitali nikishapata funguo.

Jumapili, 14 Septemba

Kashata amepatikana. Lubna, mkewe Bakr, anasema paka yuko juu ya paa lao tangu Jumatano, anakula vichwa vya samaki. Shingoni hana beji.

Tangu Jumatano. Basi Alhamisi alikuwa nani miguuni pa Shangazi? Na Ijumaa kitini?

Niliogopa, sitaficha. Kisha nikaazima simu ya Shangazi, nayo imeunganishwa na Nyumba, nikatazama. Jamaludin yuko chumbani, kwenye kiti cha enzi, ametulia. Kiti kina joto la mtu. Nikaona sina sababu ya kuogopa. Kazi inafanyika, na paka hanihusu tena. Ni nafuu kwa kila mtu.

Kwa tahadhari nilimuuliza Owen kama mfumo wake unaweza kumhesabu mtu ambaye hayupo. Alinijibu hivi: "Boss, system haioni mtu. Inaona dalili za mtu. Dalili zikitimia, mtu yuko." Kisha akaniuliza kwa nini mimi nikitoka chumba kimoja kwenda kingine sipiti mlangoni, napita ukutani. Nikamwambia mimi ni mwepesi.

Jumanne, 16 Septemba

Hayat amefika. Nilivaa kofia mpya ya vito. Ukoo mzima ulikuwa ukumbini. Bakr naye alikuwepo, anamimina kahawa. Nyumba ilitaja waliohudhuria mmoja mmoja, haikumtaja yeye. Wala mimi.

Hayat alitangaza kwamba funguo ni za Jamaludin, na akamwomba mamake azitoe kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi akaita jina langu. Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika kiganja, akakiachia mara moja. Akasema mkono huu una moto. Wa Jamaludin ni baridi.

Akaiuliza Nyumba huyu ni nani. Nyumba ikajibu: mgeni, hajulikani. Akaiuliza Jamaludin yuko wapi. Ikajibu: nyumba kati, anasubiri.

Tukasikia kufuli ikilia huko ndani, na mlango ukifunguka. Shangazi akaondoka akipapasa ukuta na shada la funguo mkononi. Akaingia. Tulimsikia akisema karibu baba, chukua. Akatoka mikono mitupu. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Hayat alinitazama, akatazama simu, akanitazama tena. Akasema mamake amechanganyikiwa na mitambo ina kasoro, funguo ni zangu, nikazitoe mwenyewe. Owen na Chris walisema watarekebisha. Nimesikia wamepanda boti ya kwanza kwenda Mokowe, upande wa bara, vifaa vyao vingine wameviacha.

Hata hivyo nimeshinda. Kisheria Jamaludin ni mimi.

Alhamisi, 18 Septemba

Mlango wa nyumba kati haunifungukii. Nimeubembeleza, nimeutukana. Basi nikapanga hivi: nizime umeme, kufuli ilegee, niingie, nichukue funguo, niuwashe. Mtoto mdogo angeweza.

Shangazi alipolala mchana nikashusha swichi kuu. Mlango ukalegea. Nikaingia na tochi ya simu. Vidaka vya ukutani vyote vitupu. Funguo hakuna. Kisanduku cha Owen kilikuwa kinawaka taa yake ya kijani, na umeme nimeuzima mwenyewe. Sakafu ilikuwa imelowa, ingawa bomba la humo halijafunguliwa tangu msiba wa babu. Katikati ya sakafu ilikuwa beji yangu. Niliinama kuiokota. Ilikuwa baridi ya kuuma vidole. Nikaiacha palepale, nikatoka, nikawasha umeme, nikaenda Wiyoni kwa mwendo ambao watu waligeuka kuutazama.

Hapo ndipo nilipoharibu. Umeme uliporudi, Nyumba ilianza upya kuangalia nani yuko wapi. Ikamkuta Jamaludin amelala nyumba kati. Desturi ya chumba hicho ilikuwa imefundishwa. Basi ikatoa huduma inayostahili.

Nilikuwa nasifia herufi za bango simu ya Abdulhalim ilipolia. Akasoma, akanitazama, akaniuliza kwa upole kama bango bado nitalihitaji. Ulikuwa ujumbe wa Nyumba kwa kundi la ukoo, na tayari umeshaenea mjini. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Jamaludin hatunaye, maziko ni baada ya Alasiri.

Nilikimbia. Mtaa umejaa watu. Pampu inanguruma, inapeleka maji nyumba kati. Jeneza la msikiti limeshawekwa dakani, penye mlango wa nje. Bwana Hamdu wa duka la nguo aliponiona alilalamika kwamba amefunga duka bure na sanda ameshaikata. Bakr alikuwa ameegemea ukuta, analia kwa sauti, na pua inamtoka. Sikulitegemea hilo. Alinikumbatia mbele ya watu wote mpaka kofia ikaanguka. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Shangazi alikataa kusikia kwamba mimi ni mzima. Alisema ameingia mwenyewe, amemgusa, amemfunga kidevu kwa kitambaa. Hakuna aliyetaka kufungua mlango kuhakikisha. Jeneza likarudishwa msikitini, tupu. Walioliinua walilalamika uzito.

Ijumaa, 19 Septemba

Bakr na Lubna wamemchukua Shangazi. Wameenda naye kwao polepole, mmoja kila upande. Shangazi alisema, "Jamaludin wangu amekufa. Siwezi kuketi na kiti." Hayat akamuuliza Bakr amekuwa akija mara ngapi. Lubna ndiye aliyejibu kwamba ni kila siku, hata siku ya mvua. Hayat akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa buibui lake. Kisha akampa Bakr nyumba. Bakr akasema hana haja nayo, anachotaka ni msala wa kusalia wa Shangazi na paka. Hayat akasema basi, nyumba ikae ilivyo, anayezitaka funguo anajua ziliko. Amerudi Mombasa bila kuniaga.

Shangazi alipita karibu yangu mlangoni. Nilimwamkia. Hakugeuza uso, wala hakuonyesha kwamba amesikia mtu. Iliniuma, na niliona ajabu kwamba iliniuma.

Jumamosi, 20 Septemba

Usiku nimetafakari, na nimeona kosa langu. Kosa lilikuwa paka. Kashata ni mzururaji, hakufaa kazi ile. Ningetafuta paka mwenye utulivu, leo ningekuwa juu nahesabu vitanda.

Tena mambo si mabaya. Nyumba ni tupu. Bakr amejitoa. Aliyebaki na funguo ni mmoja, naye hana hata mwili. Ushindani wa namna hii hautatokea tena.

Owen hapokei simu, ila vifaa alivyoacha vina beji za akiba. Nimesajili mtu mpya: Ridhwani, binamu kutoka Kiunga, mpole, mcha Mungu, anapenda wazee. Nyumba imemkubali bila swali. Nimepata na paka wa gatini, mweusi, asiye na haraka. Atakaa humu kwa niaba ya Ridhwani, Hayat aone kuna mtu anayeitunza nyumba hata bila mamake, na moyo wake utalainika.

Paka alifika kizingitini akasimama. Manyoya yote juu. Nikamsukuma kwa mguu. Akaniparura, akateremka kichochoroni, hakugeuka. Paka wa siku hizi hawana uaminifu. Basi beji nimeivaa mwenyewe kwa muda.

Naandika haya nikiwa ukumbini. Nje ni jua la mchana, nasikia punda na watu wanaotoka sokoni. Humu taa zote zimewaka nilipoingia. Feni imenigeukia. Kwa mara ya kwanza nimekaribishwa, na nakiri inapendeza. Sauti imesema: Karibu, Ridhwani. Jamaludin anakusubiri nyumba kati. Sauti yenyewe imebadilika. Ina mkwaruzo, ule ambao huwa nao mimi asubuhi kabla ya chai.

Mlango wa nyumba kati umefunguka. Kuna harufu ya udi. Funguo nazisikia, mtu anazichezea kiganjani.

Naingia. Nitaanza kwa salamu, nimsifu kidogo, nimzunguke taratibu mpaka azitoe. Mtu mwenye jina langu hawezi kuwa mgumu kudanganyika.