Chumba Namba Tisa na Ufunguo wa Mfagiaji

Kwa heshima na taadhima, Ofisi ya Tasnifu inautangazia umma wa Ghana kwamba kwa mwaka wa thelathini na moja mfululizo, hakuna tasnifu hata moja ya uzamivu ya chuo chetu iliyosomwa na mtu yeyote. Vyuo vingine vinaibiwa mawazo kila siku. Sisi hatujaibiwa hata koma.

Mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Tasnifu zote zimepangwa kwa herufi ya jina la ukoo la mwandishi ndani ya Chumba Namba Tisa, mlango wa chuma, kufuli mbili. Mwanafunzi anayetaka kuingia lazima alete cheti kinachothibitisha kuwa mada yake ni mpya. Cheti hicho hutolewa kwa mwanafunzi aliyekwisha kuzipitia tasnifu zilizomo ndani. Wapo wanaodai utaratibu huu una kasoro. Tumewaomba wajaze fomu ya malalamiko, nayo fomu imo Chumba Namba Tisa.

Mimi ni Dokta Seth Yirenkyi, Katibu wa Kamati ya Kulinda Tasnifu dhidi ya Wasomaji. Vilevile ndimi ninayepima pambizo: kushoto inchi moja na nusu, kulia inchi moja. Rula yangu ni ya chuma na haijui undugu.

Mwenyekiti wetu ni Profesa Dankwa. Mwanafunzi akimletea mada yoyote ile, Profesa hufumba macho na kusema, "Hilo nililimaliza kwenye tasnifu yangu, mwaka themanini na tisa." Ufugaji wa nyuki, ndoa za Wakrobo, wachimba chumvi wa Ada, yote yamo. Wanafunzi sita wamekata tamaa mbele yake. Mmoja anatengeneza simu Kumasi na anaendelea vizuri.

Wa saba alikuwa Esinam Agbeko. Alikaa miaka mitatu soko la Techiman, juu ya makreti, akiandika jinsi malkia wa nyanya, wanawake wanaotawala biashara hiyo sokoni, wanavyoamua ugomvi wa wachuuzi. Sasa alikuwa mwaka wa saba. Asipotetea tasnifu yake kabla ya muhula kwisha, jina lake lingefutwa na jasho lake lote lingekwenda na maji.

"Nyanya?" Profesa alimwambia. "Binti, nyanya nimeziandika mimi. Ukurasa wa mia moja kumi na mbili."

"Naomba niusome, Profesa, nione tumetofautiana wapi."

"Cheti unacho?"

"Cheti gani?"

"Cha kuthibitisha kuwa mada yako ni mpya."

"Si ndiyo hiyo unayosema siyo mpya?"

"Basi huna."

Alikwenda kukaa kwenye ngazi akalia. Nilimwonea huruma ya kweli kwa dakika mbili, kisha ikafika saa ya kula waakye.

Wiki hiyohiyo mfagiaji wetu alistaafu. Kwa Kanuni ya Tisa, mfagiaji peke yake ndiye anayeingia Chumba Namba Tisa bila cheti na ndiye anayetunza ufunguo, kwa kuwa hadhaniwi kusoma. Tukabandika tangazo. Aliyeomba ni mmoja tu, nami nikamsaili kwa ukali unaostahili.

"Dada Esinam, ukiingia mle ndani hutasoma?"

"Mzee, mimi ni mwanafunzi wa uzamivu. Muda wa kusoma niutoe wapi?"

Jibu lilinitosheleza. Nikampa ufagio.

Siku ya utetezi ilifika. Kama ada yetu, mtahiniwa alileta wali wa jollof, kuku wa kukaanga na kinywaji baridi cha sobolo, na Kamati ikaanza kutahini kuku. Mtahini wa nje, Profesa Hajara Alhassan kutoka Tamale, alikataa kula kabla ya kusikiliza. Tulimsamehe, mgeni.

Profesa Dankwa akapangusa midomo. "Kazi nzuri, ila si mpya. Nililimaliza hilo mwaka themanini na tisa."

"Kanuni ya Kumi na Nne," Esinam akasema, "anayedai mada imeshaandikwa aiweke tasnifu mezani."

Ni kweli. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe.

"Nani ataileta?" Profesa akacheka. "Chumba kimefungwa."

"Mfagiaji," nikamjulisha.

Esinam akainama, akaitoa chini ya meza. "Vumbi nimeshafuta, Profesa. Tusomee ukurasa wa mia moja kumi na mbili."

"Miwani yangu nimeiacha nyumbani."

"Lete, mimi ninayo," akasema Profesa Hajara. Akafunua. Akafunua tena. "Mbona hakuna kitu?"

"Umechanwa?" mtu akauliza.

"Upo. Ni mweupe. Na huu mweupe. Jamani, kuna shukrani kwa mama mkwe, kurasa mbili, halafu mia tatu nyeupe!"

Macho yote yakanigeukia, maana sahihi yangu ya kuipitisha ilikuwa mwanzoni. Nikatoa rula, nikapima mbele ya mashahidi.

"Kushoto inchi moja na nusu, kulia inchi moja," nikatangaza. "Safi kabisa."

Esinam alifaulu ndani ya dakika kumi na moja. Profesa Dankwa aliagizwa kuandika upya, na hivi sasa yuko Techiman, ambako malkia wa nyanya wamemwambia hawaongei naye mpaka alete cheti.

Profesa Nartey wa Kamati yetu ndiye aliyewahi kumpongeza mshindi. "Hongera, Dokta! Sasa turudishie ufunguo, ukapumzike."

"Asante, Profesa. Ila mkataba wangu wa kufagia unaisha Desemba, na nimefika herufi K tu. Kesho naendelea na L, M, N..."

Profesa Nartey akarudisha paja la kuku kwenye sahani.

Asubuhi yake nilimkuta Profesa Nartey mlangoni pa Chumba Namba Tisa na ufagio mpya. Nyuma yake Dokta Tetteh na ndoo. Nyuma yao Kamati nzima iliyobaki, watu waliotahini tasnifu mia mbili, wote wakitaka kujitolea kufuta vumbi.

"Karibuni, wazee wangu," Esinam akasema. "Lakini Kanuni ya Tisa mnaijua. Msaidizi wa mfagiaji athibitishe kuwa si msomaji."

Akatugawia fomu. *Mimi mwenye sahihi hapa chini nathibitisha kwamba sijawahi kusoma tasnifu yoyote ya chuo hiki.* Walitia sahihi bila kusita. Wengine walilipigia mstari neno "sijawahi".

"Na wewe, mzee? Herufi gani?"

"Y," nikasema. "Mwisho kabisa, karibu na dirisha."

Nilipima kwanza pambizo za fomu. Zilikuwa sawasawa, nikatia sahihi. Dokta Esinam akazikusanya zote, akazitia kwenye bahasha iliyoandikwa Baraza Kuu la Chuo, akafunga kufuli zote mbili, akaondoka nayo. Sisi tukabaki nje na mafagio yetu.